Nitampata wapi mshauri asiyenijua? Jibu kwa mwalimu wa Muheza

Swali, kwa kifupi: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo kijijini upande wa Amani, wilaya ya Muheza. Mama yangu alifariki miezi minane iliyopita. Tangu hapo silali vizuri, moyo unakwenda mbio, darasani nasahau nilichokuwa nafundisha. Kuna siku natamani nisiamke. Nilikwenda kwa mshauri mmoja Tanga mjini. Alinisikiliza kidogo, akaniombea, akaniambia nimsamehe mume wangu, na mimi hata sikuwa nimemsema mume wangu kwa ubaya. Baadaye nikagundua anasali kanisa moja na mwalimu mkuu wangu. Sijarudi. Shangazi anataka kunipeleka kwa mganga Pangani. Nitampataje mtu sahihi huku ambako kila mtu anamjua kila mtu, na nauli ya kila wiki sina?"

Marahaba, Mwalimu. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Nianze na maneno uliyoyapitisha katikati ya barua kana kwamba ni ya kawaida: kuna siku unatamani usiamke. Wafiwa wengi hutamani hivyo na hawafanyi lolote. Ila ukijikuta umevuka hapo, umeanza kuwaza namna ya kujidhuru, usisubiri kliniki wala mshauri. Nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usiende peke yako. Leo, kabla hujafika huko, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno yale yale uliyoniandikia. Dawa za shambani na sumu ya panya zitoke nyumbani, zikae kwa mtu mwingine. Sikutishi. Mawazo ya namna hiyo huja yakapita, na yakipita bila kukuta kitu cha hatari karibu, mtu hubaki salama.

Watu wengi huficha jambo hili kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo ina chanzo: kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu bado kipo. Lakini kuwaza, na kumweleza mtaalamu unachowaza, si kosa. Kwa hiyo mtakayemwona, mwambie jambo hilo mapema, usilibakize la mwisho ukiwa umeshika kitasa cha mlango.

Sasa swali lenyewe. Unatafuta mtu asiyekujua. Mimi nakushauri usimtafute huyo. Ukimwondoa kila mwenye undugu nawe, kila mnayesali naye, kila ambaye mtoto wake uliwahi kumfundisha, utabaki na mgeni aliyehamia juzi, naye baada ya mwezi utasikia amepanga kwa binamu yako. Yule mshauri wa kwanza hakukosea kusali kanisa moja na mwalimu mkuu wako. Alikosea kulinyamazia. Ulipotaja shule yako, alipaswa palepale aseme: "Mwalimu, nikwambie mapema, mwalimu mkuu wako tunasali pamoja. Habari zako hazitafika kwake kupitia kwangu. Tukikutana sokoni au kanisani nitakusalimia kama ninavyomsalimia mtu yeyote, sitakuuliza unaendeleaje. Na kama hili linakunyima raha, nitakuelekeza kwa mwenzangu." Ni maneno ya dakika mbili, na yangekupa nafasi ya kuamua mwenyewe badala ya kuja kugundua kwa kushtuka.

Basi atakayefuata, kama halianzishi yeye, lianzishe wewe. Muulize anawafahamu nani shuleni kwako na nyumbani kwako. Muulize faili lako litakaa wapi na nani mwingine analifungua. Muulize tukikutana njiani tunafanyaje. Mwambie waziwazi asimpigie mume wako wala ndugu bila idhini yako. Asikasirike, maswali haya ni ya kawaida kabisa kwenye kazi yetu, na anayeyachukulia kama dharau amekupunguzia kazi ya kuchagua. Usiri una mipaka pia, na mtu mkweli huitaja mwenyewe: uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa (Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa), au mahakama ikiamuru. Anayekuapia kwamba hatasema lolote kwa yeyote hata iweje, hajaifikiria kazi yake.

Kipo kipimo ninachokiamini kuliko cheti kilichotundikwa ukutani. Sikiliza anavyowazungumzia wagonjwa wengine. Akikupa mfano wa "mama mmoja anauza vitenge pale stendi, mumewe yuko Oman," na wewe tayari umeshamjua ni nani, basi wiki ijayo mfano utakuwa wewe. Aga kwa adabu, usirudi.

Umeniita daktari. Nashukuru kwa heshima, lakini mimi ni mwanasaikolojia, dawa siandiki, na tofauti hiyo itakusaidia huko uendako. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno, na wengi utawakuta Dar es Salaam, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe kule Dodoma, na hospitali za kanda kama KCMC na Bugando. Wanasaikolojia tiba, watu waliosomea kutibu kwa mazungumzo, nao wamejazana mijini. Anayeibeba kazi hii wilayani mara nyingi ni muuguzi au tabibu aliyeongezewa mafunzo ya afya ya akili, pamoja na ofisa ustawi wa jamii, na wale washauri nasaha wa kliniki za tiba na matunzo ya VVU, ambao wengi wana uzoefu mrefu wa kukaa na mtu aliyepokea habari nzito. Kisha kuna kundi la mwisho, la mtandaoni na la mabango: mshauri wa ndoa, mshauri wa maisha, kocha wa nini sijui. Wamo wazuri. Ila daktari ana baraza linaloweza kumwita ajieleze, muuguzi vilevile. Huyu wa bango ukimlalamikia, sijui utapeleka wapi. Wakenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, pamoja na bodi yake. Sisi kwa sasa inabidi mgonjwa aulize mwenyewe: umesomea wapi, na ukikwama na mgonjwa unamuuliza nani? Hilo la pili ndilo la maana. Mtu mwenye wa kumuuliza huwa anajua mwisho wa uwezo wake.

Usimdharau muuguzi kwa sababu hana shahada kubwa. Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wenyeji wasio wataalamu wa tiba walifundishwa kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kikao kimoja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa 2003: waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko waliokosa huduma hiyo. Njia yenyewe hushughulika na mambo manne: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha na upweke. Wewe ungeingia kwenye lile la kwanza bila hata kujieleza sana. Nairobi nako, utafiti uliochapishwa 2017 ulitumia wahudumu wa jamii na vikao vitano tu kwa wanawake waliopitia ukatili, na ulisaidia. Njia hizi zina hatua zinazojulikana, si mazungumzo ya kufarijiana tu. Ndiyo maana muulize mtu wako: tutafanya nini hasa, na kwa vikao vingapi? Akikujibu "tutaona Mungu atakavyojalia," omba dua naye, halafu katafute mwingine.

Kwa njia ya kufika, ningeanza hivi. Kwanza hospitali ya wilaya au Hospitali Teule pale Muheza, upimwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi vinaweza kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo, na sitaki mtu akutibu huzuni kumbe damu imekuishia. Ukiwa hapohapo, ulizia mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Yupo chini ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na watu wengi hawajui kuwa kuna cheo kama hicho. Yeye ndiye anayejua nani wilayani amesomea nini, nani anafika kituo gani siku gani, na nani wa kumpelekea mtu mwenye shida kama yako. Pasipotosha, akuandikie rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo, Tanga mjini.

Ile barua ya rufaa ina faida nyingine ndogo. Kwenye dirisha la usajili hospitali zetu nyingi, karani huuliza kwa sauti "unasumbuliwa na nini?" huku foleni nzima imekaza masikio. Ukiwa na barua, unaipitisha dirishani na kadi yako ya bima juu yake, basi. Wewe ni mtumishi wa umma, unakatwa NHIF kila mwezi. Ulizia kabla hujaingia ndani ni huduma gani kadi inalipia na ipi utatoa mfukoni. Ukifika kwenye benchi la kliniki usishtuke kukuta wengi wamekuja kuchukua dawa za kifafa. Kwetu kifafa hutibiwa kliniki moja na afya ya akili. Nalisema kwa sababu nimeona watu waliosomeshwa vizuri wakigeuka mlangoni wakidhani wamekosea njia, au wakidhani wamefananishwa na nani sijui. Watu wa Tanga nao wakisikia habari hizi hutaja Lutindi haraka haraka. Lutindi ni hospitali ya kanisa wilayani Korogwe, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kuwatunza watoto waliookolewa utumwani, na leo inalaza wagonjwa waliozidiwa. Hakuna anayekupeleka huko kwa kukosa usingizi.

Kikao cha kwanza, tazama mambo machache. Pengine utapewa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: raha imekutoka, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kushindwa kutuliza akili, na kadhalika. Kila swali unachagua kati ya hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Jumla ni kuanzia 0 hadi 27, na ikifika 10 mtaalamu anatakiwa achunguze zaidi. Swali la tisa ndilo la kutamani kufa. Wapo wanaolisoma mbio huku wametazama chini, kalamu tayari imeshaweka alama kwenye "hapana kabisa" kabla hujafumbua mdomo. Akiinua macho, akakuuliza taratibu, akakaa kimya mpaka ujibu, huyo mrudie hata kama chumba chake kina kiti kimoja kilichovunjika mguu.

La pili ni lengo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, aliandika kwamba ushirikiano wa mtibu na mtibiwa unasimama juu ya vitu vitatu: kukubaliana mnatafuta nini, kukubaliana mtafanya nini ili mkipate, na kuaminiana wakati mkifanya. Utafiti mwingi wa baadaye umeonyesha kwamba ushirikiano huo unaendana na nafuu ya mgonjwa. Yule mshauri wako wa kwanza alikwama kwenye la kwanza kabisa. Wewe ulikwenda na kifo cha mama na usingizi, yeye akakupa kazi ya kumsamehe mume. Inawezekana hata alikuwa na jicho la kuona kitu nyumbani kwenu, sijui. Lakini hakuwa na ruhusa yako. Mtu sahihi atakuuliza "ungependa miezi mitatu kutoka sasa nini kiwe kimebadilika?" Nenda na jibu mfukoni. Kwa mfano: nilale saa tano usiku niamke saa kumi na moja, nimalize kipindi cha hesabu bila kupotea, niweze kutaja jina la mama bila kutoka chumbani.

Miezi minane si muda mrefu kumlilia mama. Hakuna atakayekupa dawa ya kumsahau. Ila mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaitambua hali ya majonzi yaliyogoma baada ya miezi sita, yanapomzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake, kwa kiwango kinachopita kile ambacho mila na dini yake inakitarajia. Kusahau somo darasani, moyo kukimbia, kutamani usiamke: kwa hayo una haki kamili ya kutibiwa, usijione unajidekeza.

Daktari au tabibu akikuandikia dawa, nyingi utakazokutana nazo ni amitriptilini au fluoksetini. Ya kwanza huleta usingizi mapema na kukausha mdomo, lakini huzuni yenyewe huchukua wiki kadhaa kulegea, kwa hiyo usiikatie tamaa siku ya tano wala usiiache ghafla. Ikizidishwa ni hatari. Kwa uliyonieleza, omba upewe kidogo kidogo, na akae nayo mtu mwingine wa nyumbani. Diazepamu ya usingizi, uliza ni ya siku ngapi. Mtu akikupa ya miezi bila maelezo, ikatae.

Mpe mshauri vikao vitatu. Kikao cha kwanza huwa kizito kwa kila mtu, hata mbele ya mtaalamu hodari, na wengine hutoka wakijisikia vibaya kuliko walivyoingia. Ikifika cha tatu hujaona hata dalili kwamba anaelewa unachosema, mwambie. Usiyeyuke tu, maana huko kwenu utamkuta stendi ya Muheza Jumamosi hiyo hiyo ukajificha nyuma ya mabasi. Sema: "Nashukuru kwa muda wako, nadhani nahitaji mtu mwingine, unaweza kunielekeza?" Wengi wetu tumeshaambiwa hivyo na tumepona. Akikukaba, akakwambia bila yeye hutapona, akakuuzia dawa zake za kuchemsha, au akaanza kukuita kwa majina ya mapenzi, hapo huna haja ya kuaga.

Shangazi. Simlaumu, anatumia njia aliyoikuta, na Tanga hakuna ukoo usiokuwa na mtu aliyewahi kunyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, au kupelekwa kwa fundi, yaani mganga. Dua, kisomo, maombi, kuzuru kaburi la mama, vyote vinaweza kwenda sambamba na kliniki, na kwa wengine husaidia sana kwa sababu vinawaweka pamoja na watu. Mimi nina mipaka miwili tu. Huyo mganga asikwambie uache dawa za hospitali. Na asikutajie jina. Mganga akishasema mama yako aliuawa na jirani au na wifi fulani, umepoteza mama na sasa unapoteza na ukoo, na mimi sijui mshauri anayeweza kuifuta sentensi hiyo ikishasikika. Mwambie shangazi kwa heshima kwamba hospitali imetangulia, yeye akusindikize kwanza huko. Mara nyingi wakubwa hukataa kuachwa nje kuliko wanavyoikataa hospitali.

Nauli ndiyo inayowashinda wengi kuliko siri, kwa hiyo panga na mtu wako tangu siku ya kwanza. Vikao vya mwanzo vinafaa viwe karibu karibu, na wewe una bahati moja, likizo. Anza sasa kwa kikao kimoja au viwili vya kufahamiana, kisha mwezi wa sita shule zikifungwa nenda kila wiki, ukaombe kulala kwa ndugu Tanga au Muheza kama yupo. Shule zikifunguliwa, mnaweza kuendelea mara moja kwa mwezi ana kwa ana na katikati kwa simu. Masika yakikata barabara ya Amani, simu ndiyo itakayobaki. Mwambie mapema ni saa ngapi unakuwa peke yako na wapi mtandao unashika. Kama ni pale kwenye mti nyuma ya ofisi ya walimu, basi si mahali pa kulilia, tafuta pengine. Mkubaliane ujumbe wa kuanzia, kwa mfano "Mwalimu, ripoti iko tayari?", na usipojibu asiendelee kuandika, kwa sababu hajui simu iko mkononi mwa nani. Mambo mazito yasiandikwe kwenye WhatsApp. Kwa njia hiyo hiyo ya simu unaweza pia kumpata mwanasaikolojia wa Dar es Salaam asiyejua hata Muheza iko upande gani, kama mwisho wa yote utaona huwezi kufungua moyo kwa mtu wa karibu. Ni chaguo halali. Gharama yake ulizia kabla, na hakikisha bado kuna mtu wa hapo wilayani anayekufahamu, maana usiku ukizidiwa, wa Dar hataweza kukufikia.

Na kuhusu mwalimu mkuu: ukiomba ruhusa, omba ya kwenda hospitali. Hutakiwi kutaja kliniki gani. Ukitoka, chukua karatasi ya kuthibitisha kwamba ulifika, na umwombe anayeiandika aweke jina la hospitali na tarehe tu, bila ugonjwa. Wengi hukubali ukiomba kabla hajapiga muhuri.

Andika tena ukishamwona mratibu, unieleze amekuelekeza kwa nani.